Kiswahili cha arafa za biashara kinamjua mteja akinunua, kinamsahau akikatwa

Kila walimu wa Kiswahili wanapokutana, iwe ni kwenye usahihishaji wa mitihani au kwenye matanga ya mwenzao, hakosi mmoja wa kulalamikia maandishi ya kijani yaliyobandikwa kwenye milango ya maduka yetu: "Lipa na M-PESA". Husema kwamba hicho ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Na kweli, wana hoja. Katika Kiswahili, kifaa cha kutendea jambo hutambulishwa kwa "kwa". Tunakata nyama kwa kisu, tunaandika kwa kalamu, tunasafiri kwa basi. Ukisema umekata nyama na kisu, mwenye sikio kali atakuuliza kisu nacho kimekosa nini hata kikatwe. "Na" humtaja mtenda, kama katika "aliumwa na nyoka", au huonyesha uandamani, kama katika "nimekuja na mama". Kwa hivyo "Lipa na M-PESA" ni kama kumwambia mteja washirikiane na M-PESA kulipa, kila mmoja atoe chake. Laiti ingekuwa hivyo! Jirani zetu wa Tanzania huandika "Lipa kwa Simu", na hapo hakuna wa kunung'unika.

Sitaingia katika ugomvi huo leo. "Na" ile haijampotezea mtu hata ndururu. Kila Mkenya aisomapo anajua anatakiwa kufanya nini, na isitoshe, wengi wetu mtaani twala "na mkono" na kuchimba "na jembe" tangu kabla ya simu kufika. Ninalotaka kulizungumzia ni kasoro nyingine ambayo wahakiki wa lugha tumeifumbia macho kwa sababu haionekani kama kosa la sarufi. Ni kasoro inayogharimu. Nimezisoma arafa za biashara kwa muda mrefu sasa, za kampuni za simu, za benki, za programu za mikopo, na nimeona jambo moja likijirudia: mteja anapotakiwa kununua au kukopa, Kiswahili humwita kwa nafsi yake, mteja anapokatwa, nafsi hutoweka kwenye sentensi. Hajulikani aliyekata wala aliyekatwa.

Nasema "arafa" kwa sababu hili ni gazeti na wahariri wangu wana macho. Nje ya gazeti kila mtu husema "meseji", na nikiwa kwa kinyozi nami husema hivyohivyo.

Arafa yenyewe si kitu cha jana. Ya kwanza ilitumwa nchini Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ikiwa na salamu za Krismasi tu. Waliobuni mfumo huo walikuwa wameipa kikomo cha herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Hakuna aliyedhani kwamba siku moja kijikaratasi hicho cha hewani kingebeba mshahara, karo, mahari na rambirambi za taifa zima. Hapa kwetu mambo yalibadilika Machi 2007 M-PESA ilipozinduliwa na Safaricom pamoja na mshirika wake Vodafone. Wengi tunakumbuka kwamba huduma ile ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Wachache wanakumbuka kwamba ilipofanyiwa majaribio, kuanzia 2005, nia ilikuwa kuwawezesha watu waliokopa kutoka taasisi ya mikopo midogo kulipa madeni yao kwa simu. Deni, basi, lilikuwamo tangu mwanzo.

Tangu hapo arafa imekuwa risiti. Ukilipa sokoni, mwenye kibanda haangalii uso wako, anaangalia simu yake. "Bado haijaingia," atakwambia, nawe utangoje. Ikishaingia, hakuna mjadala tena. Mwalimu wa shule, afisa wa chama, mtu aliyekukopesha, wote wataridhika ukiwaonyesha meseji. Maandishi yenye uzito wa namna hiyo hayafai kusomwa kama matangazo ya redio. Yasomwe kama mkataba, neno kwa neno.

Tuanze na majina, kwa kuwa hapo ndipo Kiswahili kilipopewa kazi ya kwanza. Yatazame: Okoa Jahazi, Sambaza, M-Shwari, Fuliza, M-Kopa, Lipa Mdogo Mdogo. Karibu yote ni vitenzi vya kuamrisha, na kila amri ina mtu mmoja tu inayemlenga: wewe. Wewe okoa, wewe sambaza, wewe fuliza, wewe lipa. (Lipa "mdogo mdogo", si "kidogo kidogo", mwenye sarufi yake na amezee mate. Na yule aliyeliandika "zidi" kwa i mbili akapata Ziidi, sijui alikuwa anazidisha nini.) Ni majina matamu, nami siwaonei haya kuwapongeza waliyoyabuni. Yametoka pwani yakapanda bara kwa kasi ambayo vitabu vyetu vya kiada havikuwahi kuipata. Mtoto wa Kericho ambaye hajawahi kuiona bahari anajua jahazi na anajua shwari.

Lakini hebu tuulize majina hayo yanasema nini. Shwari ni hali ya bahari iliyotulia, upepo umepungua, mawimbi yamelala. Baharia akipata shwari baada ya dhoruba humshukuru Mungu, ila shwari ikizidi, chombo cha tanga hakiendi popote. Fuliza nayo, ukifungua kamusi, ni kufanya jambo bila kukoma, kwenda moja kwa moja bila kusimama, ndugu yake fululiza. Aliyelichagua neno hilo kwa huduma iliyozinduliwa Januari 2019, inayomruhusu mtu kutumia pesa asizokuwa nazo, alikuwa na maana kwamba shughuli yako isikatike kwa sababu salio limeisha. Maana hiyo ipo. Ipo pia ile nyingine, na wateja wameigundua wenyewe bila kamusi: deni lenyewe ndilo linalofululiza. Leo "kufuliza" ni kitenzi cha mtaani. "Nimefuliza" hasemi mtu kwa majivuno. Na jahazi likiokolewa kwa salio la mkopo, mwokoaji huchukua asilimia 10 ya shehena.

Sasa tufuate safari ya nafsi. Tangazo la arafa linaanza kwa "Jipatie", "Jishindie", "Furahia", na kila kitenzi kina "wewe" ndani yake. Kisha, mwishoni kabisa, baada ya alama za mshangao, inakuja ile kauli ambayo wasomaji wa redio huitamka kwa pumzi moja kana kwamba wanafukuzwa: "Vigezo na masharti kuzingatiwa." Simamisha sentensi hiyo uichunguze. Haina wakati: si yamezingatiwa, si yatazingatiwa. Haina nafsi: nani azingatie, mimi au kampuni? Kitenzi kimebaki kitenzi-jina katika kauli ya kutendwa, kama gari lililoegeshwa bila dereva. Ninashuku kwamba wafasiri wa kwanza walikwama kwenye upatanisho. Vigezo ni vya ngeli ya KI-VI, masharti ni ya LI-YA. Uandike "vitazingatiwa" au "yatazingatiwa"? Wakaona heri "ku-" isiyokuwa na ngeli. Kikwazo cha sarufi kikawa maficho mazuri ya kibiashara. Na "vigezo" vinatafuta nini pale? Kigezo ni kipimo cha kupimia kitu kingine. Mteja hatakiwi kupimwa hapo, anatakiwa kuambiwa masharti. "Masharti" pekee yangetosha, na "Soma masharti kabla hujakubali" ingekuwa na mtu ndani yake.

Ukitaka kujiondoa kwenye matangazo hayo, Kiswahili hukuacha mlangoni. Arafa nzima inaweza kuwa ya Kiswahili sanifu kama ya mtihani, lakini neno la kutokea mwishoni ni "STOP", likifuatiwa na nyota na tarakimu. Kuingia kwa Kiswahili, kutoka kwa Kiingereza.

Jambo lenyewe lenye uzito liko kwenye makato. Mtu aliyefuliza anapotumiwa pesa, mfumo huchukua chake kwanza kabla yeye hajagusa chochote. Ndivyo huduma ilivyoundwa na ndivyo alivyokubali, sina ubishi. Ninachouliza ni namna anavyoambiwa. Kiingereza husema kwamba kiasi fulani kimetumiwa kulipa deni, bila kumtaja aliyekitumia. Wafasiri wetu, na ninawahesabu humo maelfu ya vijana wanaowasomea wazazi wao simu, huchagua neno moja: "zimetumika". Pesa zimetumika kulipa.

Hapo pana tofauti ambayo wanafunzi wa kidato cha pili hufundishwa, na ambayo sisi watu wazima tunaisahau. "Zimetumiwa" ni kauli ya kutendwa; huacha mlango wazi wa kuuliza "zimetumiwa na nani?" "Zimetumika" ni kauli ya kutendeka, mlango umefungwa. Kila mzazi anaijua kauli hiyo. Mtoto aliyekiangusha kikombe hasemi "nimekivunja", wala hatakubali kusema "kimevunjwa", maana utamuuliza na nani. Husema "kimevunjika", na hukutazama usoni akisema hivyo, kana kwamba kikombe kimeamua chenyewe. Ndivyo pesa za mama aliyetumiwa Sh500 na mwanawe zinavyotumika zenyewe. Amefikia kituo cha wakala, ameagiza Sh500, anaambiwa hazipo. Nani kachukua? Zimetumika.

Nimeshuhudia mama mmoja anayeuza mboga karibu na kwangu akigombana na mwanawe kwa simu kwa sababu hiyo. Alidhani mtoto kamdanganya, ametuma kidogo akasema amekituma kizima. Arafa mbili zilikuwa zimeingia kwa kufuatana, ya kupokea na ya kukatwa, na ya pili ndiyo aliyokuwa akiisoma. Mwana akaapa kwa Mungu. Ilibidi kijana wa duka la jirani aziweke arafa hizo pamoja na kumfafanulia. Sasa niambie, kama sentensi ile ingeanza na "Tumekata", ugomvi ungetoka wapi?

Neno "riba" nalo lina kisa chake, na hiki si kisa cha sarufi tu. M-Shwari ilipoanza mwishoni mwa 2012, aliyekopa kwa siku 30 alitozwa asilimia 7.5. Kwa mkopo wa Sh1,000 hizo ni Sh75, na ukikopa hivyo kila mwezi mwaka mzima utakuwa umelipa Sh900 kwa kuazima elfu ileile. Mwaka wa 2016 Bunge likapitisha sheria ya kudhibiti riba za benki, zisizidi asilimia nne juu ya kiwango cha msingi cha Benki Kuu. Wakopaji wa simu wakatarajia nafuu. Nafuu haikuja, kwa sababu waliohusika walishikilia kwamba ile asilimia 7.5 haikuwa riba hata kidogo, bali ada ya kuwezesha mkopo. Sheria ilisema riba. Hii ni ada. Basi sheria haiihusu. Kikomo chenyewe kiliondolewa mwaka wa 2019, lakini kwa miaka hiyo mitatu kiasi alicholipa mkopaji kilitegemea jina lililoitwa pesa ile, si ukubwa wake.

Tuyapime maneno hayo mawili kwenye mizani ya Kiswahili, kwa kuwa wanasheria walipima kwa Kiingereza. Ada, asili yake Kiarabu, ni desturi kwanza. Ni yale yaliyozoeleka. Kutoka hapo ikawa malipo ya desturi: kwenye harusi za pwani kuna ada za huyu na za yule, na hakuna anayenung'unika kwa kuwa ndivyo mababu walivyofanya. Kisha ikawa malipo ya uanachama, na kwa Watanzania malipo ya shule ambayo sisi tunayaita karo. Ada, kwa hivyo, ni neno la heshima. Humlipa aliyekufanyia kazi au aliyekukaribisha. Riba pia ni Kiarabu, lakini ilifika na hukumu yake mgongoni. Kwa Mwislamu wa Lamu au Mombasa riba ni haramu, na hata kwa asiye Mwislamu neno hilo lina ukali, humfanya mtu asimame ajiulize mara mbili. Ukiiita riba ada, umeondoa ule ukali. Umemwambia mkopaji kwamba anacholipa ni desturi. Kazi ya neno riba katika Kiswahili, kwa karne nyingi, imekuwa ni kupiga kengele. Arafa imeifunga kengele kitambaa.

Watanzania walipata somo lao kutoka upande mwingine. Serikali yao ilipoanzisha malipo ya ziada kwenye miamala ya simu mnamo Julai 2021, neno lililotumika lilikuwa "tozo". Halikuwa na desturi wala heshima ndani yake. Ni kutozwa, basi. Watu walilielewa kabla ya kupata arafa ya kwanza, wakalijadili kwenye daladala hadi bungeni, na tozo ikapunguzwa. Sisemi neno ndilo lililoipunguza. Nasema hakukuwa na haja ya mfasiri.

Na hapa kwetu, anayetaka kuona Kiswahili kikilitaja gharama kwa usahihi asiende kwa kampuni, aende kwa wananchi. "Tuma na ya kutoa." Sidhani kuna Mkenya mwenye simu ambaye hajawahi kuambiwa hivyo au kuwaambia wengine. Maneno manne tu, lakini tazama yanavyofanya kazi. "Ya" inarejelea pesa bila kuitaja, kwa kuwa ngeli inatosha. "Kutoa" inasema kiasi hicho ni cha nini. Na kwa kuwa ninakuambia wewe uitume, imeshaeleweka ni nani atakayeigharamia. Hakuna kamati ya istilahi iliyokaa hotelini kubuni kauli hiyo. Ilibuniwa na watu waliokuwa wakijua kwamba ukimtumia nyanya Sh1,000 bila "ya kutoa", umemtumia pungufu ya Sh1,000. Kwenye menyu za kampuni, kitu hichohicho ni gharama ya muamala.

Nisije nikaonekana kwamba ninawaonea watu wa kampuni, niseme pia kwamba mteja wa M-PESA anaweza kuchagua Kiswahili kwenye menyu, na hilo ni zaidi ya yanayofanywa na baadhi ya ofisi za umma ambazo Katiba ya 2010 inaziambia waziwazi, katika Kifungu cha 7, kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Kifungu cha 46 nacho kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na huduma. Lakini habari iliyoandikwa isieleweke ni habari ya nani?

Waandishi wabovu zaidi wa arafa ni hawa wa programu za mikopo za juzijuzi. Wao huanza kwa "Mpendwa mteja". Ni tafsiri ya kikasuku ya salamu ya barua za Kiingereza, ambako neno lile limechakaa hadi halina mapenzi ndani. Kiswahili hakijalichakaza. Mpendwa ni mtu apendwaye, aghalabu wa kanisani au wa moyoni. Basi mpendwa huyu, mstari wa pili, anatajiwa deni. Wa tatu, anatishwa kwamba jina lake litapelekwa kwa mashirika ya kuorodhesha wadaiwa. Na kulikuwa na wakati ambapo mstari wa nne haukwenda kwake tena bali kwa mkwe wake, bosi wake na fundi wake wa viatu, wote waliochotwa kwenye orodha ya nambari zilizo simuni mwake. Kanuni za Benki Kuu za 2022 kuhusu watoa mikopo wa kidijitali zimepiga marufuku vitisho, lugha ya matusi na kuwaandama jamaa na marafiki wa mdaiwa. Ni nadra sheria ya fedha kuingilia mtindo wa lugha, na mimi nimeifurahia. Mpendwa lakini bado yupo. Mwenye duka wa zamani aliyeandika ukutani "Kukopa harusi, kulipa matanga" hakumwita mtu mpendwa, na hakuna aliyetoka dukani mwake bila kuelewa.

Cha kuudhi ni kwamba matapeli wanaandika Kiswahili bora kuliko wote hawa. Nchini Tanzania arafa ya "ile pesa tuma kwa namba hii" imekuwa mzaha wa vijiweni, na hapa Kenya tunapokea binamu zake. Cheka, lakini ichambue. Uwezo wake wote umo katika "ile". Kiwakilishi cha kuonyesha kinapotangulia nomino, "ile pesa" badala ya "pesa ile", huashiria jambo ambalo wanaozungumza wameshalijua, waliloligusia kabla. Tapeli hajui lolote kukuhusu. Anachojua ni kwamba katika nchi hii, wakati wowote ule, kuna watu wengi wanaodaiwa pesa fulani na mtu fulani, na wanangoja kuelezwa waipeleke wapi. "Ile" inaikuta akilini mwa msomaji pesa ambayo tayari ipo pale: ya kodi ya nyumba, ya fundi, ya shangazi. Hakuna salamu, hakuna mpendwa, kuna kitenzi kimoja, nafsi moja na shabaha. Nikiwa mwalimu wa uandishi wa matangazo ningeifundisha darasani, kisha niwaonye wanafunzi.

Najua jibu la watu wa kampuni. Watasema herufi 160 hazitoshi kueleza kila kitu, na arafa ikizidi hapo hugeuka mbili na kulipiwa mara mbili. Hilo la nafasi ni kweli, tena lina vituko vyake. Kiswahili kina bahati ya kuandikwa bila vidoti wala viboko juu ya herufi, ila tuna king'ong'o chetu. Ukiandika "ng'ombe" kwa alama ile iliyonyooka, kompyuta haina neno. Programu ya uandishi ikiibadilisha ikawa ile iliyopinda, ambayo haimo katika orodha ya msingi ya herufi za arafa, ujumbe mzima hubadilishiwa mfumo na kikomo hushuka kutoka 160 hadi 70. Alama moja tu! Ndiyo sababu mojawapo ya arafa za wafugaji na wakulima kuandikwa na watu wanaoona heri "ngombe" na "ngoa magugu". Na ngoa, kwa wasiojua, ni ashiki au wivu. Sijui magugu yaoneweje wivu.

Lakini ufinyu wa nafasi hauwezi kuwa kisingizio cha kuificha nafsi, maana nafsi katika Kiswahili ni silabi moja. Kiingereza kikitaka kusema nani amemfanyia nani nini huhitaji maneno manne au matano. Sisi tunasema "tumekukata" na tumemaliza: tu- ni sisi kampuni, -me- ni kwamba imeshatendeka, -ku- ni wewe mteja. Lugha hii iliumbwa kana kwamba iliwaona wahandisi wa simu wakija. "Tumekata" na "zimetumika" zinatofautiana kwa herufi mbili, na fupi ni ile ya kweli.

Nimejaribu mwenyewe kumwandikia yule mama wa mboga arafa ambayo angestahili kupata, nikachukulia kwamba alitumiwa Sh500 akiwa na deni la Sh200 na riba ya Sh10:

"Umepokea Sh500. Tumekata Sh210: Sh200 ni mkopo wako wa Jumatatu, Sh10 ni riba yetu. Umebaki na Sh290. Ukiona tumekosea, tupigie bure."

Nimehesabu herufi, nafasi na nukta zote. Ni 133. Zimebaki 27 za kuandikia nambari ya simu.